Kuvumwani, Mbuni na Shamba la Mama



Wiki kadhaa zilizopita mteja wangu mmoja, dada anayeuza maua ya vyungu hapa mjini, alikuja kujaribisha gauni lake akasahau mfuko chini ya meza yangu ya kukatia. Mfuko ulikuwa mkubwa lakini mwepesi kama pamba. Nilichungulia ndani nikaona kitu cha kahawia, kimekatikakatika, kinanukia kama msitu baada ya mvua. Nilipompigia simu alicheka. "Hiyo si takataka, shoga. Ni kuvumwani iliyokufa zamani, imechimbwa kwenye vinamasi vya Ulaya. Nachanganya na udongo ili miche yangu ya asmini isikauke."

Kuvumwani wengi tunaijua. Ni yale majani madogo laini ya kijani yanayoota ukutani karibu na mfereji, au kwenye mawe ya kisima. Sikujua kama inaweza kuchimbwa, kupakiwa na kuvuka bahari. Usiku ule watoto walipolala nilishika simu nikaanza kusoma, na kadiri nilivyosoma ndivyo nilivyorudi nyumbani kwetu Kagera, nikamkumbuka mama yangu, bonde la mafunjo alilokuwa akilima, na mibuni ya babu kule juu ya kilima. Kwa hiyo leo nawaletea historia ya mimea miwili. Mwisho nitawaambia kwa nini inanihusu, maana mwezi ujao nina safari.

Mmoja hauna ua, mwingine una ua

Nimezaliwa Biharamulo. Baba alikuwa Msubi, Mwislamu, na mama ni Mhangaza kutoka Ngara, kwao ni Wakristo. Anayezijua wilaya hizo anajua sura ya nchi yake. Ni vilima na mabonde, kilima tena na bonde tena. Juu ya kilima kuna nyumba, migomba na mibuni. Chini kuna maji, mafunjo na udongo mweusi. (Ninaposema mbuni nasema mti wa kahawa, sio yule ndege mkubwa.)

Mbuni mnaujua angalau kwa matunda yake, sisi tunaokunywa kahawa chungu na kashata. Ni mti mfupi wenye majani ya kijani yanayong'aa mwaka mzima. Mvua ikinyesha baada ya kiangazi unachanua maua meupe, na harufu yake ni kama asmini kabisa. Shamba zima linakuwa kama bibi harusi. Maua hayo hayakai, siku chache tu yameshanyauka, kisha mnasubiri miezi mingi mpaka matunda yawe mekundu.

Kuvumwani ya kwenye mfuko wa mteja wangu inaitwa sfagnamu. Haina ua, haina mbegu wala mizizi. Inaota pamoja kwa maelfu, mmoja ameegemea mwenzake, kwenye maji yaliyotuama. Juu inakua, chini inakufa, na ile iliyokufa haiozi vizuri kwa sababu maji yake ni machachu na hayana hewa. Inajilundika polepole sana, kiasi cha milimita moja kwa mwaka, na hatimaye inakuwa udongo mweusi unaoweza kukaushwa na kuwashwa kama kuni. Ukichimba mita moja umechimba miaka kama elfu moja.

Kwetu Afrika Mashariki sfagnamu ipo katika sehemu za baridi, kama vinamasi vya milima ya Rwenzori, na ipo pia pembezoni mwa ziwa Nabugabo, karibu na Masaka kule Uganda. Mabonde ya upande wa Ngara ni ya mafunjo zaidi. Lakini mafunjo nayo yakifa ndani ya maji hufanya kazi ileile, yanatengeneza udongo mweusi unaowaka. Jirani zetu wa Burundi wana shirika la umma la kuuchimba tangu miaka ya 1970, na Rwanda wamejenga mtambo wa kufua umeme kwa udongo huo huko Gishoma. Maji ya mabonde hayo ya Rwanda na Burundi mengi yanakutana Rusumo, pale kwenye maporomoko na daraja, ndipo yanaingia kwetu kama mto Kagera.

Kuvumwani na sindano za wanawake

Sasa mimi ni fundi cherehani, na kuna mambo mawili ya sfagnamu yaliyonifanya nisilale.

La kwanza ni sketi. Mwaka 1879, huko Denmark, mtu aliyekuwa akichimba udongo wa kinamasi mahali panapoitwa Huldremose alikuta mwili wa mwanamke. Walipouchunguza waligundua kwamba amekaa humo yapata miaka 2,000. Na nguo zake zilikuwepo! Sketi ya sufu ya mirabaraba, kitambaa cha kujitanda, na makoti mawili ya ngozi. Wataalamu wa baadaye waligundua kwamba sketi ilikuwa ya buluu na kitambaa kilikuwa chekundu kabla kinamasi hakijavigeuza kahawia. Vipo mpaka leo kwenye makumbusho ya taifa mjini Copenhagen. Jina la mwanamke yule hakuna anayelijua, wala mume wake, wala ukoo wake. Kilichobaki ni kazi ya mikono, uzi uliosokotwa na mshono. Kuvumwani ndiyo iliyomtunza.

La pili ni la vita. Vita ya kwanza ya dunia ilipoanza mwaka 1914, hospitali za Uingereza ziliishiwa pamba ya kufungia majeraha, kwa sababu pamba ilihitajika pia kutengeneza baruti na sare za askari. Huko Edinburgh, Scotland, daktari mpasuaji Charles Cathcart na mtaalamu wa mimea Isaac Bayley Balfour wakawakumbusha watu dawa ya zamani ya wakulima na wachungaji, yaani sfagnamu. Ikikauka inaweza kunywa maji mara 20 ya uzito wake, pamba haifikii hapo hata kidogo. Tena ule uchachu wake unazuia vijidudu kuzaliana kwenye kidonda.

Nani alifanya kazi hiyo? Wanawake na watoto ndio walioingia kwenye vinamasi vya baridi kali, wakavuna kwa mikono, wakabeba magunia mgongoni, wakaianika, wakachambua vijiti na majani mabaya kimoja kimoja. Kisha wakakaa kwenye kumbi za makanisa na majumbani wakashona vifuko vya melimeli na kuvijaza. Kufikia mwaka 1918 Uingereza ilikuwa inatoa kiasi cha vifuko milioni moja kwa mwezi. Kanada na Marekani nao walifanya hivyo. Wengi wa wanawake hao hawakulipwa, na ukitafuta majina yao utakuta mengi hayakuandikwa popote. Askari aliyepona alijua tu kwamba damu ilikoma.

Vita hiyohiyo ilipita kwetu. Mwezi Juni 1916 majeshi ya Wabelgiji kutoka Kongo, yakiongozwa na Jenerali Tombeur, yalivuka kutoka Rwanda na Burundi, yakaingia Biharamulo, kisha yakateremka mpaka Tabora na kuuteka mji huo mwezi Septemba. Boma la Wajerumani lipo mpaka leo pale Biharamulo, nimecheza nje ya kuta zake nikiwa mtoto. Shuleni tulifundishwa nani aliteka nini. Wapagazi waliobeba mizigo, na wanawake waliovuliwa vyakula vyao shambani ili majeshi yale, hatukufundishwa. Wao pia walikuwa kama kuvumwani, walikanyagwa na kila aliyepita.

Mbuni ulivyokuwa mti wa wanaume

Historia ya mbuni imeandikwa sana, maana penye pesa pana karani.

Majirani zetu Wahaya walikuwa na mibuni kabla Mzungu hajafika. Hawakuwa wakinywa kahawa, walikuwa wakitafuna. Matunda yalichemshwa na majani ya dawa, yakakaushwa, mgeni akifika anapewa kiganjani kama sisi tunavyomtolea mgeni tende. Mila hiyo ipo hata leo Bukoba. Watu wawili wakitaka kuchanjiana udugu walitumia tunda moja la kahawa, kwa sababu ndani yake mna punje mbili zilizolala pamoja. Punje zilipakwa damu, kila mmoja akameza ya mwenzake. Na watawala wao, Abakama, hawakumruhusu kila mtu kupanda apendavyo.

Wajerumani walijenga kituo Bukoba mwaka 1890. Reli ya Waingereza ilipofika Kisumu mwaka 1901, kahawa ya Bukoba ikapata njia ya meli kuvuka ziwa na reli mpaka Mombasa. Hapo mti wa heshima ukawa mti wa fedha. Kwetu Ngara kahawa ilishika wakati wa Waingereza, na kufikia miaka ya 1930 wakulima wa Bugufi walikuwa na chama chao cha ushirika cha kahawa, miongoni mwa vyama vya mwanzo kabisa Tanganyika. Bukoba walipata chama chao kikuu mwaka 1950. Kahawa ililipa kodi, ikajenga nyumba za bati, ikasomesha watoto. Babu yangu mzaa mama alinunua baiskeli kwa kahawa, na mpaka anakufa alikuwa akiitaja baiskeli ile kama vile ni mtoto wake wa kwanza.

Lakini angalieni shamba lilivyogawanyika. Kwa Wahaya kuna kibanja, shamba la kudumu lenye migomba na mibuni, mali ya ukoo, linakwenda kwa mtoto wa kiume. Na kuna rweya, mbuga ya majani nje ya kijiji, ambako wanawake walipewa vijishamba vya muda kupanda njugu mawe na mazao ya msimu. Mwanamke alilima, akavuna, akarudisha ardhi. Ngara na Biharamulo majina ni mengine lakini mambo yanafanana. Juu kwenye ua jeupe ni kwa mwanaume. Chini kwenye bonde, penye tope na ruba, wakati wa kiangazi, utawakuta akina mama wamejikunja wanapanda viazi vitamu na maharage, na kukata mafunjo ya kusuka mikeka.

Kupalilia mibuni, kuchuma na kuanika, mwanamke yupo. Siku ya kupima mizani, jina linaloandikwa kitabuni ni la mwanaume. Ndiyo maana hata lile balaa la butura, kuuza kahawa ingali maua kwa bei ya kutupa, lilimwumiza mwanamke mara mbili. Kwanza hakuulizwa kabla ya kuuza, halafu msimu ukifika yeye ndiye aliyechuma kahawa ambayo pesa yake imeshaliwa.

Mwanamke wa Muleba aliyeuza shamba

Baba alifariki nikiwa kidato cha pili. Baada ya matanga, watu wa ukoo walikaa kikao na shamba likarudi kwa ukoo. Mama aliondoka na masanduku mawili na cherehani yake ya mkono, kwa sababu ile aliinunua mwenyewe na risiti ilikuwepo. Risiti, dada zangu! Kikaratasi kile ndicho kilichomaliza maneno. Tulihamia Ngara kwa wajomba. Mama akapewa kipande bondeni, akalima mchana, usiku akashona, na kwa cherehani hiyo nikamaliza kidato cha nne na nikaenda kusomea ushonaji.

Wakati ule sikujua kwamba miaka mingi kabla, jirani na wilaya yetu, mwanamke mmoja alikuwa ameshasimama mahakamani. Anaitwa Holaria Pastory, wa Muleba. Baba yake alimwachia shamba kwa wosia. Mwaka 1988 aliliuza kwa shilingi 300,000. Mpwa wake Bernardo Ephrahim akaenda Mahakama ya Mwanzo ya Kashasha kudai kwamba mwanamke hana ruhusa ya kuuza ardhi ya ukoo, na kanuni za mila za urithi zilizoandikwa na serikali mwaka 1963 zilisema hivyohivyo, kwamba mwanamke anaweza kutumia ardhi ya ukoo maisha yake yote lakini haiuzi. Mahakama ya Mwanzo ikamkubalia mpwa. Mahakama ya Wilaya ikamkubalia Holaria. Kesi ikafika Mahakama Kuu Mwanza, mbele ya Jaji Mwalusanya.

Mwezi Februari 1990 jaji akatoa hukumu. Alisema Katiba yetu imekataza ubaguzi wa kijinsia, kwa hiyo mwanamke ana haki ileile aliyonayo mwanaume ya kurithi na kuuza ardhi ya ukoo. Holaria akashinda. Baadaye ikaja Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, inayosema mila yoyote inayomnyima mwanamke haki ya kumiliki au kutumia ardhi haina nguvu.

Nisiwadanganye kwamba mambo yamekwisha. Wajane wawili wa Tanzania walishindwa hapa nyumbani kuziondoa kanuni za 1963 zilizowanyima urithi, wakapeleka malalamiko yao mpaka kamati ya Umoja wa Mataifa ya haki za wanawake, na mwaka 2015 kamati ilisema haki zao zimevunjwa. Hukumu ipo, sheria ipo, lakini vikao vya ukoo vinafanyika jioni nyuma ya nyumba, na huko jaji haji.

Ninachokwenda kusema Ngara

Sasa nimefika kwenye safari yangu. Babu mzaa mama amefariki, Mungu amrehemu, na wajomba wanagawa shamba. Mama ana umri mkubwa sasa. Hajaomba shamba lote. Anaomba mistari minne ya mibuni iliyo upande wa barabara, aliyoipanda na kuipalilia mwenyewe tangu tuliporudi kutoka Biharamulo. Wajomba zangu sio watu wabaya. Walitupokea tulipokuwa hatuna pa kwenda, na sitalisahau hilo. Wao wanasema tu kwamba mama analo bonde, linamtosha.

Nimefikiri sana kuhusu neno hilo, linamtosha. Kweli bonde lilitulisha. Kama kuvumwani ya wanawake wa Scotland, lilizuia damu isitoke. Udongo wa kinamasi una maana kubwa kuliko tunavyoona. Wataalamu wanasema ardhi za namna hiyo ni kama asilimia 3 tu ya nchi kavu ya dunia, lakini zimefungia kaboni nyingi kuliko misitu yote. Kwa hiyo nalikubali bonde na nalishukuru. Ninachokataa ni mtu kumwambia mwanamke kwamba kwa kuwa amezoea chini, juu si kwake. Yeye si kuvumwani. Kuvumwani ikipelekwa kilimani inakauka, lakini mama yangu alipanda mibuni kilimani na ikachanua.

Nitakapokaa nao sitaanza na mahakama. Nitaanza na maneno wanayoyaheshimu. Wao ni Wakristo, na katika Biblia, kitabu cha Hesabu, kuna mabinti watano wa Selofehadi waliokwenda mbele ya Musa kudai urithi wa baba yao aliyekufa bila mtoto wa kiume, na Mungu akasema mabinti hao wamesema kweli. Sisi Waislamu tunayo Surat An-Nisaa, iliyotaja wazi kwamba wanawake wana fungu katika walichoacha wazazi na jamaa wa karibu, kiwe kidogo au kingi. Dini zote mbili zimeshasema. Wanaonyamaza ni sisi. Maneno yakishindwa, ndipo nitataja kesi ya Muleba, kwa heshima, maana ni majirani zetu na hukumu ni ya nchi yetu.

Na tukikubaliana, sitaondoka kabla hayajaandikwa. Nitaomba muhtasari wa kikao wenye sahihi, kisha twende ofisi ya kijiji kuomba hati ya hakimiliki ya kimila yenye jina la mama. Cherehani ilinifundisha hivyo.

Dada zangu, kama umejenga na mume, kama umepanda mti kwa wazazi, kama umechangia kiwanja, uliza leo jina lililoandikwa ni la nani. Uliza kwa upole, mkiwa na amani, watu wote wakiwa hai. Siku ya matanga ni siku mbaya sana ya kuanza kutafuta karatasi.

Mteja wangu alirudi kuchukua mfuko wake, akaniachia konzi mbili za ile kuvumwani. Nimeiweka kwenye kopo pale dirishani pa duka na nimepandia mche wa mbuni nilioletewa na abiria kutoka Bukoba. Hapa kisiwani joto ni kali, sijui kama utachanua. Kwa sasa umetoa majani manne.

Niombeeni dua ya safari. Nikirudi nitawaeleza yaliyojiri, inshallah.